King'ora cha Majaribio

Mfumaji aliketi safu ya nyuma, mwili umemlegea kwa zamu aliyotoka kuimaliza. Mbele, mkufunzi wa usalama aliyevaa fulana ya kung'aa alikuwa akifungua na kufunga mdomo. Mitambo ya kiwanda cha nguo ilikuwa imezimwa kwa ajili ya mafunzo, na ukimya huo ndio uliomtia hofu. Mitambo inaponguruma hakuna asikiaye. Wafumaji wote husemezana kwa mikono, na kiziwi hatambulikani. Ikizimwa, hana pa kujificha.

Kando yake alikaa shemeji yake, kaka wa mkewe, akimfasiria kwa ishara juu ya mapaja: moto, mlango, toka. Ingejulikana kuwa mfumaji hasikii, angerudishwa nyumbani, naye tangu ujana hakujua kazi nyingine.

"Mzee wa nyuma, moto ukizuka utafanya nini?" mkufunzi aliuliza.

Vidole vya shemeji vikacheza.

"Naacha kila kitu, natoka, nasimama uwanjani penye bango la kijani."

"Safi kabisa. Na ukisahau kitu ndani?"

Shemeji akatikisa kidole.

"Sirudi," mfumaji akajibu.

Kisha kila mtu akaenda kwenye mtambo wake kungoja king'ora cha majaribio, ambacho kingelia wakati wowote.

"Naenda msalani," shemeji akaashiria. "Usilale, usije ukaniaibisha kwa dada yangu."

Mfumaji akapiga magoti chini ya mtambo kufungua uzi uliojisokota. Uchovu ulimwelemea. Akaegemeza paji la uso kwenye chuma kilichopoa, akafumba macho kidogo tu.

Alishtuka akivutwa ukosi. Alikuwa shemeji, anatweta, jasho linamtiririka. Alimburuta hadi nje, wakipita mitambo isiyo na mtu.

Uwanjani wenzao walikuwa wamekwisha kujipanga. Mkufunzi alimwakia shemeji.

"Wewe ulikuwa umeshatoka! Umerudi ndani kufuata nini?"

"Kofia, bosi. Upara huu na jua haviivi."

Watu wakaangua kicheko. Mkufunzi hakucheka, aliinua vidole viwili. "Ungekuwa moto wa kweli, leo ningezika wawili!"

Mfumaji hakusikia hata neno. Aliona shemeji akijipapasa upara kama anayetafuta kofia, akaona kicheko, kisha vile vidole.

"Anasemaje?" akaashiria.

"Hamna kitu."

Lakini vidole viwili havikuhitaji mkalimani. Wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Wa pili alikuwa mtu aliyekwisha kutoka salama.

Akasogea mbele, akagusa sikio moja, kisha la pili.

"Haya hayasikii, mwanangu. Siku nyingi. Huyu amerudi kunifuata mimi. Kofia hana, wala hajapata kuwa nayo."

"Umejimaliza, shemeji," mikono ya shemeji ilisema.

Mkufunzi akaanza kusema jambo refu. Mfumaji akamgeukia shemeji yake. Naye, baada ya kushusha pumzi, akainua mikono juu ya kifua, mahali ambapo kila mtu uwanjani aliiona, akaanza kufasiri.