Mwanamke wa Mstari Mmoja

Metrine alikuwa amefika kwenye kola ya kanzu ya baba mwenye nyumba pale kijana mmoja wa Kiingereza alipotoka kwenye kabati la vitabu, koti limelowa mvua chapachapa, akauliza kama kuna chai. Ilikuwa alasiri, mtaa wa Aziziya, Jeddah, na nje jua lilikuwa likichoma mabati ya magari. Metrine alizima pasi, akamwambia avue viatu kwanza maana zulia la madam lilikuwa limetoka kuoshwa, kisha akaenda kubandika sufuria.

Madam wake, Dokta Ibtisam, alifundisha fasihi ya Kiingereza katika chuo kimoja pale mjini. Siku hizo alikuwa akiandaa mhadhara wa kwenda kutoa Riyadh, kuhusu namna riwaya ya Waingereza ilivyobadilika baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kila asubuhi alivifungua vitabu kabatini, akaviacha wazi, akaenda kazini. Kuvifunga ilikuwa kazi ya Metrine, na siku hiyo pasi ilikuwa imemchelewesha.

Kijana yule alikuwa wa riwaya ya miaka ya hamsini. Alikunywa chai huku akilaumu baba mkwe wake, mji wake mdogo wenye moshi, na watu wanaoinua kidole cha mwisho wanaposhika kikombe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amesomeshwa kwa ufadhili mpaka akajikuta hana watu wa kula nao.

Kesho yake wakaja wa miaka ya sitini: msichana mwenye mimba na taipureta, fundi wa kiwanda cha soksi aliyeimba bafuni, na bwana mmoja kutoka visiwa vya Karibi ambaye alikuwa ametafuta chumba cha kupanga London mpaka soli zikaisha. Huyu alikaa dirishani akiota jua.

"Dada," alimwambia Metrine, "tangu kitabu kianze sijapata joto kama hili."

Wa miaka ya sabini ndio waliosumbua. Mmoja hakukubali kuketi mpaka aambiwe ni nani anayesimulia. Mwingine aliaga mara mbili kwa mlango uleule, mara ya kwanza akilia, mara ya pili akipiga mluzi, kwa kuwa mwandishi wake alishindwa kuchagua mwisho.

Laban, mlinzi wa lango, mtu wa Kakamega, aliuliza jambo moja tu.

"Hawa wana ikama ya kuishi nchini?"

"Hawana," alisema Metrine.

"Basi mimi sijawaona."

Baba alinung'unika kwamba siku hizi vikombe havitoshi. Madam alifurahi sana. Akirudi chuoni alivuta kiti, akawahoji mmoja mmoja, na nyumba ikachangamka kama nyumba yenye harusi.

Wa mwisho kutoka alikuwa mama wa makamo mwenye aproni na ndoo. Alikwenda moja kwa moja jikoni akaanza kusugua sinki.

"Mama, keti kwanza," Metrine alimwambia. "Wewe ni mgeni. Unaitwa nani?"

"Sikupewa jina," alijibu yule mama. "Nina mstari mmoja tu. Naingia, nasema, 'Samahani bwana, nilidhani chumba kiko wazi,' natoka."

"Ukitoka unaenda wapi?"

"Sijui. Hakuandika."

Metrine aliona hilo halifai. Akamwita Hannah, jina la shangazi yake wa Bungoma aliyekuwa na mabega mapana vilevile. Hannah alilirudia jina hilo kimoyomoyo mchana kutwa, na jioni alikuwa tayari akiitika.

Kuanzia hapo walifanya kazi pamoja na kupiga soga pamoja. Metrine alimsimulia habari za dada yake mkubwa, Priscah, aliyepanga chumba Bani Malik pamoja na wasichana wengine wa Kenya. Priscah alikuwa amemaliza kazi yake na Ijumaa ya wiki hiyo, usiku, angepanda ndege kurudi nyumbani moja kwa moja. Kutoka Aziziya hadi Bani Malik si safari, ni teksi ya kugawana tu. Lakini Metrine hakuwa amemwona dada yake tangu afike Jeddah. Nyumba ile haikuwa na siku ya mapumziko, na pasipoti yake ilikuwa kwenye droo ya baba. Dada hao walionana kwenye simu.

Alimfuata madam akiwa anapanga vitabu kwenye sanduku.

"Madam, Ijumaa naomba nikamuage dada yangu. Saa mbili tu."

"Inshallah, Metrine," alisema madam bila kuinua kichwa. "Tukirudi kutoka Riyadh tutaona."

Riyadh walikwenda wote, Metrine akiwa amembeba mtoto wa madam na birika la kahawa. Ukumbi ulijaa. Madam alifungua vitabu mezani kimoja kimoja, na wageni wakapanda jukwaani kwa utaratibu wa miaka yao. Kijana wa koti alipigiwa makofi hata kabla hajakasirika. Bwana wa Karibi alieleza habari za vyumba vya London hadi watu wakacheka kwa uchungu. Yule asiyejua mwisho wake alishuka kwa ngazi zote mbili.

Ndipo madam akamwita mama mwenye ndoo.

"Mtazameni huyu," alisema, na sauti yake ikatetemeka kidogo. "Baada ya vita, waandishi walisema sasa wataleta kwenye riwaya watu ambao hawajawahi kusikika. Wakawaleta vijana wa kiume wa watu hao, wenye hasira na shahada. Huyu anayewafagilia vyumba, mstari mmoja. Jina hana. Mlango ukifungwa, mwandishi hajiulizi anakwenda wapi. Hilo ni kosa, jamani, na hatujalizungumza vya kutosha."

Hannah alikohoa ili aseme kwamba jina analo, lakini madam alikuwa amekwisha kufungua ukurasa mwingine. Mzee mmoja wa safu ya mbele alifuta macho. Hata Metrine, aliyesimama nyuma na mtoto begani, aliguswa. Ulikuwa mhadhara mzuri, na alijivunia kwamba wageni wote wale walikunywa chai yake.

Walirudi Jeddah Alhamisi. Madam aliingia jikoni akiwa bado na uso wa furaha.

"Kesho wanakuja walimu wenzangu kunipongeza. Pika wali wa kabsa, na sambusa nyingi."

"Na dada yangu, madam?"

"Kesho mafi, hakuna ruhusa, Metrine. Umeona mwenyewe, kuna wageni. Atakuja tena, halas."

Metrine aliendelea kukata vitunguu. Hannah aliweka ndoo chini.

"Nitakwenda mimi," alisema.

"Hannah, huna ikama. Huna hata pasipoti."

"Ndiyo maana naweza kwenda. Sina cha kufungiwa kwenye droo."

Metrine aliwaza kidogo, akaona ni kweli. Ijumaa alikaanga mandazi ya iliki pamoja na sambusa, akayafunga kwenye leso, akamfundisha Hannah kusema "mulembe", salamu ya kwao. Laban alifungua lango, akamsimamishia teksi, na akatazama upande mwingine alipopanda.

Wageni wa madam walikuja, wakala, wakasifu. Kabla ya magharibi Hannah akarudi, aproni imechafuka mafuta.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Hakushangaa. Alisema, 'Wewe ndiye yule wa kitabu? Ingia, ugali unapoa.' Walikuwa wengi, wanaimba, wanakaa hata juu ya masanduku. Nimekula ugali, sukuma na samaki. Mwandishi wangu hakuwahi kuniandikia chakula."

"Ananenepa?"

"Amenenepa vizuri. Alisema nikuletee hii."

Akamkumbatia Metrine. Alimyumbisha kulia na kushoto, akampiga mgongoni kwa kiganja kilichofunguliwa, kisha akamsukuma nyuma amtazame vizuri na kumvuta tena, vile hasa Priscah alivyokumbatia watu tangu utoto wao, na kwenye aproni mlikuwa na harufu ya mafuta yake ya nywele. Metrine alicheka hadi machozi yakamtoka, na hakuyafuta haraka.

"Yalla, chai!" madam aliita kutoka sebuleni.

Waliingia wote wawili na masinia. Wageni walimshangilia Hannah, wakamkalisha katikati, na mwalimu mmoja akamuuliza kwa upole anajisikiaje kuishi bila jina.

"Ninalo," alisema Hannah. "Naitwa Hannah. Nilipewa na Metrine."

"Jina zuri sana," alisema yule mwalimu, akipokea kikombe. "Metrine ni nani?"

Metrine akamuuliza anatumia sukari ngapi.