Pijo na Landrova, Asubuhi ya Ubatizo

Jambo la kwanza nililoliona ni mguu wa baba. Alikuwa anaingiza Pijo 504 yake uani kwetu, mtaa wa Ng'ambo. Akakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Akaunyanyua haraka, akakanyaga tena na tena, ndipo gari likasimama, bampa karibu na ukuta. Akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona. Mimi nikainamia ndoo yangu.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunakwenda Kigwa kumbatiza mtoto wa dada yangu Dafrosa. Dada angekaa mbele na mtoto, mimi nyuma.

Mzee Adinani wa Kanyenye akafika na Landrova 109 yake kubeba masufuria na akina mama wa kwaya. Yeye Mzaramo, sisi Wanyamwezi, kwa hiyo ni mtani wetu. Tangu enzi za misafara ya wapagazi kwenda pwani mababu zetu walitaniana hivyo, na neno la mtani halimuudhi mtu.

"Mpagazi wangu, bado unasukuma hilo bati?" akamwambia baba.

"Bati lenye nguvu ya farasi tisini na zaidi," baba akajibu. "Lako halifiki themanini. Mimi nakwenda kilometa mia na sitini kwa saa. Wewe ukifika mia, milango inaomba kushuka."

"Langu injini lita mbili na robo, na linavuta kwa magurudumu yote manne. Masika, nani humvuta nani topeni?"

"Leo lami tupu. Na mbele nina breki za diski. Wewe una madramu, Mzaramo na ngoma zake."

Akina mama wakacheka. Mzee Adinani akachuchumaa aione hiyo diski, apate la kujibu. Akapitisha kidole upande wa ndani wa tairi, akakinusa. Aliposimama hakuwa anacheka.

"Nikolaus, mafuta ya breki yanavuja. Hufiki Kigwa."

Kicheko kikazidi.

"Keshaona atashindwa," baba akasema.

"Wallahi, leo si utani."

"Mtani ndivyo asemavyo siku zote," mama mmoja wa kwaya akasema, akifuta machozi ya kicheko.

Mzee Adinani akatutazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumwamini. Macho yetu yakakutana. Nikatazama chini. Kwetu binti hampingi baba mbele ya watu, na mimi niliyeishia darasa la tano, hata shikamoo huitoa kwa kunong'ona.

Baba akawasha gari. Dada akapanda na mtoto.

"Panda, Advera."

Nikashika mlango. Nikafikiria malori ya barabara ile, na kichwa cha mtoto ambacho hakijakomaa hata utosi. Hata hivyo mguu wangu ukainuka kupanda, kwa kuwa baba amesema. Nikaurudisha chini. Nikaingiza mikono dirishani kwa dada, nikamchukua mtoto.

"Huyu hapandi," nikasema. "Mzee anasema kweli. Breki imezama, nimeona."

Baba akazima gari, akashuka, akaja mpaka mbele yangu.

"Unaniaibisha mbele ya watu?"

Nikamkumbatia mtoto kifuani.

"Nakuogopa, baba," nikasema. "Nilikuwa tayari kupanda, tufe sote, kwa sababu nakuogopa wewe kuliko kifo."