Malazi ya Watu Wawili

Karatasi ya hoteli ilisema watu wawili, kwa hiyo kila mlo waliniwekea sahani mbili. Sikukataa. Kukataa kungekuwa kukiri kwamba mke wangu haji, na mimi nilikuwa na hakika kwamba anakuja.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Nimekuwa daktari wa mifugo wa serikali huko Garissa kwa miaka thelathini na mmoja, nimechanja ngamia kutoka Bura hadi Elwak, na nilipostaafu wenzangu ofisini walichanga wakanilipia siku nne katika hoteli ya ufukweni, kisiwani, mimi na mke wangu. Ilikuwa hoteli ya kadiri: vyumba kumi na viwili vilivyoezekwa makuti, bwawa dogo la kuogelea, na kimya kingi, maana haukuwa msimu wa wageni. Tulikuwa mimi, Mjerumani mmoja mzee aliyesoma kitabu kutwa, na paka.

Ugomvi ulianzia kwenye sherehe ya kuniaga. Nilipewa kipaza sauti nikashukuru. Nilimshukuru mkuu wa idara, nikawashukuru makarani, nikamshukuru Salat, dereva wangu wa miaka kumi na tisa, nikalishukuru hata jokofu la chanjo, ambalo halikutuangusha hata siku moja katika ule ukame mkubwa. Watu walicheka wakapiga makofi. Mke wangu alikuwa amekaa upande wa wanawake, amevaa dirac mpya, gauni letu la sherehe, aliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Tulioana mwaka ule ule nilioajiriwa, na tangu hapo kila alfajiri ya safari aliamka kabla yangu akanijazia chupa ya chai ya iliki na mdalasini, chupa kubwa ya kututosha mimi na Salat hadi Wajir. Sikumtaja. Kwetu mwanamume hamtaji mkewe mbele ya watu. Tunasema "nyumbani" tu: nyumbani hawajambo, nyumbani wamesafiri. Ndivyo nilivyolelewa, na sikuona kosa.

Yeye aliliona. "Umelishukuru jokofu," aliniambia tulipofika mlangoni, na hakunisemesha tena. Kesho yake alipanda gari akaenda kwa kaka yake Abdinoor, huko Bura.

Sasa, kwetu mke akiondoka kwa hasira harudi kwa miguu yake. Huendewa. Mume huchukua wazee watatu au wanne, huenda nao kwa wakwe, huketi mkekani, husomewa makosa yake mbele ya wote, huomba radhi, na hapo ndipo hupewa mkewe. Jambo hili nalijua kuliko wengi, kwa kuwa nimewasindikiza waume wenzangu mara kumi au zaidi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwakemea njiani: acha kiburi, omba msamaha, umchukue mkeo. Mganga hajigangi. Zamu yangu ilipofika niliona aibu. Ningewaambia nini wale wazee? Kwamba nyumba yangu imevunjika kwa sababu ya jokofu? Basi nikajifanya mjanja. Nilimtumia mke wangu tiketi ya basi ya siku yoyote kwenye simu, nikampigia Abdinoor nikamwambia, "Mambo haya yataisha Alhamisi, inshallah," nami nikatangulia kisiwani Jumatano.

Kitandani nilikuta taulo nyeupe zimekunjwa zikawa ndege wawili wenye shingo ndefu, wamegusanisha midomo. Sikuwavunja. Nilitaka awaone. Nilipooga nilijifuta kwa kikoi changu, nikalala upande wa ukutani, ndege nikawaacha upande wake.

Alhamisi nilivaa shati jipya nikasimama gatini tangu saa tatu asubuhi. Mashua ya kwanza ilileta soda na mayai. Ya pili ilimleta fundi wa jenereta. Ya tatu haikuja kabisa. Alasiri nilirudi chumbani, na kwa kuwa sikujua la kufanya niliwapiga picha wale ndege wa taulo nikamtumia mke wangu, bila neno lolote. Niliona alama kwamba ameiona. Hakujibu.

Niseme wazi kwamba sijawahi kuwa mpweke namna ile. Nimelala porini na fisi wakicheka karibu, na bado nilikuwa na Salat wa kubishana naye. Hapa maji yalijaa mpaka mwisho wa macho na hakuna mnyama ambaye angeweza kuyanywa. Mhudumu wa meza, mama wa makamo, mwenyeji wa hapo, aliniletea samaki mzima na kichwa chake. Kwetu samaki ni chakula cha mtu aliyepoteza mifugo yote. Niliomba maziwa ya ngamia. Alicheka akaleta ya pakiti. Chai yao ilikuwa maji ya moto na kifuko chenye uzi. Niliinywa nimenuna, nikiitazama sahani ya pili iliyokuwa safi, na uma wake umewekwa sawa.

Ijumaa baada ya sala nilimwona punda ufukweni ana kidonda mgongoni, nikafurahi kama niliyekutana na mtu wa ukoo. Nilimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi, na wakati namsafisha nilimweleza habari zangu zote, tangu sherehe hadi tiketi. Alisikiliza vizuri. Kisha mwenyewe alikuja akamchukua, nami nikabaki nimesimama na kitambaa kilicholowa.

Chakula cha jioni mhudumu aliniuliza, "Baba, mama atafika lini?"

"Anakuja."

"Ulikwenda kumchukua?"

"Nilimtumia tiketi."

Alinitazama kidogo. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," akasema, na akaiondoa sahani ya pili.

Nilikasirika. Yamemhusu nini huyu? Lakini meza ilikuwa imebaki na pengo, na samaki nilishindwa kumgusa. Nilitoka nje nikampigia Abdinoor.

"Mwambie dada yako siku zinaisha," nikamwambia. "Chumba kimelipiwa."

Akaniita seedi, kama mashemeji wanavyoitana kwetu. "Seedi, Alhamisi tulichinja."

"Mlichinja nini?"

"Mbuzi wawili. Ulisema Alhamisi. Wallahi, sisi tulijua unakuja na wazee, na hiyo tiketi ni ya safari yenu baada ya suluhu. Tulitandika mikeka, tukawaita majirani. Yeye alipika mwenyewe. Alipaka hina. Tukakungoja mpaka alasiri. Halafu simu yake ikalia, ikawa picha ya bata."

Sikuweza kumwambia kwamba hawakuwa bata. "Akafanya nini?" niliuliza.

"Aliingia ndani akanawa mikono. Alisugua sana. Lakini hina haitoki, unajua."

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Nilimwona akienda mlangoni kutazama barabara kila gari lilipopita, na majirani wakimwona anavyotazama. Mimi wakati huo nilikuwa nahesabu mashua. Niliona haya, haya ya kweli, si ile ya kuwaogopa wazee. Niliwachukua wale ndege nikawakunjua mmoja mmoja, zikawa taulo.

Jumamosi asubuhi niliondoka, siku moja ya malazi ikiwa bado. Mhudumu aliniuliza kama namkimbia samaki. Nilimwambia nakwenda kumchukua mtu.

Nilifika Bura Jumapili, nguo zimejaa vumbi. Abdinoor alinikaribisha mkekani bila maneno mengi, na chai ikaletwa. Niliijua kabla haijafika mdomoni. Iliki ile, mdalasini ule. Nilikuwa sijainywa tangu aondoke na karibu nilie, mzee mzima. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia. Niliona ncha za vidole vya miguu vyenye hina.

"Umekuja na nani, Baba Ilhan?" aliuliza. Ilhan ni binti yetu.

"Peke yangu. Nimekuja kukuomba msamaha."

"Msamaha wa peke yako." Hakupandisha sauti. "Maneno yako ya peke yako nimeyasikia miaka thelathini na mmoja. Mazuri pia umeniambia, sikatai. Yote umeniambia chumbani. Ukitoka nje, mimi sipo. Nenda, Baba Ilhan, ukarudi na watu wa kusikia."

Nilimtazama Abdinoor anisaidie. Aliangalia kikombe chake. Nilimaliza chai yote mpaka mashapo, kwa sababu sikujua nyingine nitaipata lini, nikaaga nikatoka.

Kituoni palikuwa na watu kumi hivi wakingoja gari la Garissa. Nilimpigia Salat.

"Nitafutie wazee wanne na gari," nilimwambia. "Kesho tuje Bura."

"Kuna msiba, mzee?"

"Hakuna msiba. Namfuata Nasteha."

"Nani?" akauliza Salat.

Hakuwa akinitania. Alikuwa amenywa chai yake miaka kumi na tisa, kwenye kila barabara ya jimbo hili, na hakuwahi kulisikia jina lake, kwa kuwa mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.

"Nasteha," nikarudia kwa sauti, na watu wa kituoni wakageuka kunitazama. "Mke wangu. Yule ambaye ulikuwa ukinywa chai yake."