Maji ya Mama Byron

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Asubuhi Kisumu ilikuwa kavu, jua kali, upepo hakuna.

Katika ukumbi wa Kaloleni, wahudumu ishirini wa afya ya jamii walianza siku ya pili ya mafunzo kuhusu huzuni inayowashika mama baada ya kujifungua. Walimwomba Mungu awape moyo wa kusikia, kisha wakamwomba aharakishe chai. Chai ilikuja.

Nekoye aliingia saa nne na mtoto wake wa wiki sita. Maji ya ziwa yalimzunguka mpaka kiunoni, magugu yakielea juu, na yalitembea naye. Aliketi nyuma, akamweka Byron begani asilowe.

"Karibu, Mama Byron," alisema Fabian, mkufunzi. "Lakini hiyo maji yako isifike kwa projekta."

Akasogea.

Kila aliyepita alimfunua mtoto.

"Ananyonya?"

"Ananyonya."

"Chanjo?"

"Amepata."

"Aki huyu amenona! Hongera, Mama Byron."

Maji yalifika kifuani.

Likaja zoezi la kuigiza. Beldina alicheza mama mwenye huzuni, akipakata chupa iliyofungwa kwa leso. Aliulizwa maswali yote kumi ya fomu ya kupima huzuni kwa upole wa ajabu. Alilia vizuri. Ukumbi ulimpigia makofi, na watu wawili wakamletea kitambaa.

Lornah, mhudumu aliyekuwa jirani yake Nekoye, alivua viatu akaingia majini.

"Na wewe, Nekoye, uko aje?"

Tangu ajifungue, hakuna aliyemuuliza hilo. Nekoye alifikiri kwanza.

"Sijui kama niko, Lornah. Usiku naona afadhali—"

"Lornah!" aliita Fabian. "Hujapata cheti. Mama halisi ni somo la tano."

"Somo la tano ni lini?"

"Mungu akijalia."

Mungu hakuwa ameulizwa. Lornah alitazama fomu yake, akatazama cheti mezani kilichokwisha andikwa jina lake, akarudi kuvaa viatu.

Maji yalipofika kidevuni mwa Nekoye, wahudumu watatu walikimbia kumpokea mtoto. Byron alifutwa, akapimwa uzito, akaonekana hana shida.

Fabian aliwasimamisha wote, akainua Biblia.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu, naahidi: tukishamaliza mafunzo, huyu mama ndiye wa kwanza tutamuuliza."