Suruali ya Mkaguzi

Tangu kiwanda cha sare kifungwe, mke wangu alikuwa akishona nyumbani kwa cherehani ya kuazima. Shangazi yangu, mwenye cherehani, alishasema anaitaka irudi mwezi ukiisha. Tumaini letu likabaki kwa serikali: wasio na kazi waliotaka kujiajiri wangepewa cherehani mpya, bure. Sharti lilikuwa moja tu, mkaguzi aje ajionee kwamba kweli huna kazi.

Asubuhi ya ukaguzi niliihamishia cherehani jikoni kwa jirani, nikafagia nyuzi zote. Mke wangu akakaa mkekani, mikono mapajani, amepoa kweli kweli. Hata mimi nilimhurumia.

Mkaguzi aliridhika. Akafunga faili, akanyanyuka, kisha akachomoa suruali mkobani.

"Mama, wewe si fundi? Hii imenibana kiunoni. Unaweza kuiachia kidogo?"

Mke wangu aliipokea, akaigeuza, akaupapasa mshono kwa kidole gumba. Nilimkonyeza. Wapi! Mdomo wa fundi ulishatangulia.

"Niachie. Nina kazi za watu hapa, njoo Ijumaa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mkaguzi alifungua faili tena, akaandika huku akisoma kwa sauti: "Ana ajira." Halafu, bila haya, suruali akaiacha.

Nilimfokea mke wangu mpaka jirani akachungulia. Yeye alikuwa ameshaanza kukifumua kiuno cha ile suruali, machozi yakimdondoka.

"Kazi zenyewe ziko wapi?" alisema. "Lilikuwa gauni moja, na hilo nimelimaliza juzi. Ni mazoea tu. Fundi gani anamwambia mteja asubiri hapo hapo?"

Hasira zikaniisha, nikabaki na aibu.

Kesho yake, Alhamisi, mwezi ukaisha. Shangazi akaja na mkokoteni, akabeba cherehani yake.

Ijumaa mkaguzi akafika, uso umejaa tabasamu. Mke wangu akamkabidhi suruali, imekunjwa vizuri.

"Cherehani imeondoka. Sasa sina kazi kabisa, baba. Andika."

"Maombi yameshafungwa, mama. Omba tena mwakani." Akaikunjua suruali, akakuta kiuno kinaning'inia. "Na hii je? Harusi ya mdogo wangu ni kesho!"

Mke wangu alimfungulia mlango kwa heshima zote.

"Omba tena mwakani, baba."