Poda ya Kabla ya Bahari

Wanawake wazamiaji wa kijiji chetu hapa kisiwani Jeju, Korea, humeza poda ya maumivu ya kichwa kabla ya kuingia majini. Hata asiyeumwa humeza, bahari isije ikamwumiza. Mama alifanya hivyo tangu ujana, mpaka kichwa kikawa kinaamka naye kila asubuhi, kimembana pande zote kama kofia ya mpira iliyosinyaa.

"Mama, sasa dawa yenyewe ndiyo inayokuumiza," daktari alimwambia. "Ukiiacha, kitazidi kwanza, kisha kitapungua. Usizamie mpaka kitulie. Ila kikikujia ghafla kwa kishindo, au mkono ukafa ganzi, kimbilia hospitali."

Tangu alipoiacha poda, Mama hakukaa kitako. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akamenya figili akaziacha nusu, akanilaumu kwamba napumua kwa kelele. Alitapika. Hakuyaogopa maumivu, aliogopa kwamba wenzake wangezoea kuzamia bila yeye.

Asubuhi moja mwenzake Sunok alisimama mlangoni, vazi la kuzamia mwilini.

"Mama Geumhwa, umekuwa bibi harusi? Hutoki ndani!"

"Kichwa, dada."

"Nani hapa ana kichwa kizima? Meza hii, twende. Bahari imelala leo."

Mama aliipokea pakiti. Nilitaka kuinyakua, nikajizuia. Uamuzi ulikuwa wake. Aliigeuzageuza.

"Jana hakikubana, dada," alisema polepole. "Kiligonga, hapa tu, juu ya jicho la kushoto, na mwanga ukanichoma. Kama nilipokuwa msichana, kabla ya poda. Nikafunga mapazia, nikalala, kikaisha."

"Bila kitu?"

"Bila kitu. Na wewe, leo unaumwa?"

Sunok alijipapasa paji la uso. "Siumwi. Namezea bahari."

"Basi bahari ijimezee yenyewe!"

Akamrudishia pakiti. Vazi la kuzamia halina mfuko. Sunok akabaki ameishika tu, kisha akanikabidhi mimi.

Mama alimsindikiza hadi miambani. Wenzake walipozamia, alitembea ukingoni huku na huko, hatulii, akivitazama vichwa vyao vikiibuka kimoja kimoja.

"Niwekeeni nafasi yangu!" alipaza sauti.

"Nafasi ipi?" Sunok alijibu kutoka majini. "Kwa unavyonenepa huko nchi kavu, tutakuwekea mbili!"