Kitu Asichopewa Mgeni

Siku ya nne baada ya mzee Shigela kuzikwa, mwalimu Luz alikwenda kisimani na ndoo yake, akasalimia Kisukuma kama alivyofundishwa: "Mwangaluka!" Wanawake sita walikuwepo. Hakuna aliyeitika. Walijitwisha ndoo zao, wakaondoka wakifuatana kama bata, kisima kikabaki na yeye na chura mmoja.

Alidhani hawakumsikia. Akapita dukani kwa Josephat, pale njia panda ya Usagara, kununua sabuni.

"Sabuni imekwisha," Josephat akasema, macho yake darini.

Nyuma yake miche ya sabuni ilikuwa imepangwa hadi kwenye bati. Ile miaka ya kupanga foleni ilikuwa imepita. Sasa ilikuwa miaka ya ruksa, na duka la Josephat lilikuwa na kila kitu, hata buti za mitumba za kukanyagia theluji. Kukosa sabuni mwaka ule wa tisini na nne kulikuwa uongo usio hata na kaniki ya kujifunika.

Luz alikuwa ametoka mbali. Kwao ni Iloilo, mji wa bandari huko Ufilipino, na alikuja kujitolea kufundisha hesabu katika shule ya sekondari kwa miaka miwili. Watoto walimwita Mzungu. Wengine, wakimtazama vizuri, walimwita Mchina. Naye alizoea kuitikia yote mawili. Miezi mitano ya kwanza alibebwa kama yai. Kila nyumba aliyoingia alipewa kiti cha peke yake na kuku wa kuchinjwa. Bibi Kashindye, mjane mwenye nyumba alimokaa, hakumruhusu hata kufagia. Jioni walitegeana vitendawili, na Luz akishindwa, alitoa mji. Alikwisha kutoa Butimba, Misungwi, na Mwanza yote pamoja na samaki wake.

Kisha mzee Shigela akafa. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya njia tu. Luz alisikia kilio alfajiri, akasimama mlangoni. Aende? Akifika akae wapi? Alie, au anyamaze? Aliogopa kuonekana amekwenda kutazama machozi ya watu kama sinema. Akaona heshima ni kujiweka kando. Akabeba daftari zake akaenda kufundisha siku zote tatu za matanga, akipita pembeni ya waombolezaji kwa kunyata.

Na sasa hata Bibi Kashindye alikuwa hasemi naye. Chakula alikileta, akakiweka kizingitini, akageuka bila neno. Hilo ndilo lililomuuma Luz kuliko kisima na sabuni. Usiku alihesabu makosa yake. Ni suruali? Ni kupiga mluzi? Ni kule kuwafelisha nusu ya kidato cha pili? Kuuliza aliona aibu. Alijiambia kwamba mtu asiyetakiwa haulizi, anaondoka.

Jumamosi asubuhi akalifungua sanduku lake uani, akapanga nguo. Basi la mjini lingepita saa nne. Angefika Mwanza, kwenye ofisi iliyomleta, awaombe wamrudishe kwao; na ile miaka miwili ingekuwa imekufa kabla hata ya kutimia miezi sita. Akaingia ndani kuchukua daftari. Aliporudi, kuku mwekundu wa Bibi alikuwa amejituliza sandukuni, juu ya blauzi, kama yuko kiotani.

Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakumtazama Luz. Alimtazama kuku.

"We kuku, toka humo! Hilo ni sanduku la watu wanaoondoka bila kuuliza."

Luz akasimama kama mti.

"Mimi, kuku wangu, siruhusiwi kusema na mtu aliyetengwa. Kijiji kikimtenga mtu, anayemsemesha naye anatengwa, na kwa uzee huu nani atanichotea maji? Lakini kusema na kuku hakuna aliyenikataza." Akavuta pumzi. "Basi sikiliza. Mtu akitengwa hajifungii chumbani akalowesha daftari. Anakwenda kwa Tereza, mkubwa wa kina mama, anauliza: kosa langu nini? Tangu Jumatano wanamngoja, wala haji. Kuku, wewe ni mjinga sana!"

"Bibi..." Luz akaanza.

"Nasikia sauti, kuku, lakini sijui ya nani. Kitendawili!"

Kuku alinyamaza. Luz akajibu kwa sauti ndogo, "Tega."

"Kuna kitu mgeni hapewi hata akikiomba, mwenyeji hupewa hata akikikataa." Bibi akageukia jikoni. "Kafikirie njiani, kuku. Basi halingoji mtu."

Kwa Tereza, wanawake zaidi ya kumi walikuwa wamekaa mikekani kana kwamba wameitwa. Na kweli walikuwa wameitwa. Luz akapiga magoti.

"Shikamooni. Nimekuja kuuliza. Kosa langu nini?"

"Haa! Kumbe ana mdomo!" mmoja akadakia.

Tereza, mwanamke mpana mwenye sauti ya kengele ya kanisa, akamnyamazisha kwa mkono. "Mwalimu wa hesabu. Kutoka mlango wako hadi mlango wa Shigela ni hatua ngapi?"

"Hamsini na mbili."

"Kilio ulikisikia?"

"Nilikisikia."

"Na miguu ikakupeleka wapi?"

"Shuleni. Niliogopa, mama. Nilidhani mgeni akiingia msibani anaharibu."

"Mgeni!" Tereza akapiga makofi. "Mnamsikia? Mgeni wa miezi mitano! Hata mbu wa hapa wamekwisha kumzoea."

Bibi kizee mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwacheni, jamani. Mgeni hajui mila. Tumsamehe tu, ajiendee zake."

Neno lile, mgeni, likamkaa Luz kooni kama mwiba wa sangara. Akaviona viti vyote alivyokalishwa peke yake. Akawaona kuku wote. Hata akikiomba, hata akikikataa...

"Faini!" akapiga kelele.

Wanawake wakatazamana.

"Msinisamehe hivyo! Mgeni hatozwi faini. Nitozeni!"

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele, kikampata hata Tereza. "Tangu nizaliwe sijaona mtu anadai faini kama anadai urithi! Haya. Ndoo ishirini za maji kwa mjane wa Shigela, Mama Mayala. Kwa kichwa, si kwa baiskeli. Na kesho utatupikia wote, nasi tutakula mpaka tukuonee huruma."

Ndoo ya tatu ilimmwagikia yote. "Mchina kaoga! Mleteeni sabuni!" wakapiga kelele, na sabuni ikaja, kaibeba Josephat mwenyewe.

"Imeingia leo," akasema, wala hakuona haya.

Alipotua ndoo ya ishirini, shingo inawaka moto, Mama Mayala alimshika mkono akamvuta akae mkekani, bega kwa bega. Kiti hakikuletwa. "Mzee alikuwa anakupenda," akasema. "Alisema unatembea kama mtu aliyeachwa na basi." Luz akacheka, na kicheko kikageuka kilio. Alimlilia mzee Shigela kwa sauti, ingawa alikuwa amechelewa siku zote zile, na kina mama wakamsaidia kulia.

Jioni Bibi Kashindye alisema bila kupumua. "Siku hizi zote nasema na kuku, na kuku hana hadithi! Shika ufagio huo, yule mjinga katapanya pumba." Luz akafagia ua mzima, kwa mara ya kwanza, akapitisha ufagio kuzunguka sanduku, kisha akaliingiza ndani.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Kila siku ananipita mlangoni, hanisalimii, wala simnunii."

Luz akafikiri, akashindwa.

"Nipe mji. Nipe Usagara."

"Usagara haitolewi, Bibi. Nakaa mimi hapo. Nakupa Iloilo."

Bibi akafumba macho, ametosheka. "Jibu ni upepo. Basi nilikwenda Iloilo, nikapewa wali, nikala na samaki. Nikamkuta mama yako anauliza, mwanangu yuko wapi? Nikamwambia, mama, tulia. Yuko nyumbani, anafagia."